Cheo, si Jukumu

Katika orodha ya istilahi inayopita mkono kwa mkono kati ya wafasiri wa programu za kuendeshea tovuti, sehemu ya watumiaji imepewa kichwa "Majukumu". Msimamizi anayetaka kumruhusu mwenzake aandike, ahariri au asome tu, anaambiwa ampe jukumu. Akitaka kumnyang'anya ruhusa hizo, anaambiwa amwondolee jukumu. Orodha hiyo ina mhuri wa kamati, nami sina ugomvi na mihuri. Ugomvi wangu ni na neno. Jukumu halisemi kinachotendeka pale, na kila linapoachwa hapo linawafundisha watu kinyume cha kile ambacho programu inafanya.

Jambo lenyewe halihitaji maelezo marefu. Yeyote aliyewahi kuendesha tovuti ya shule, parokia au ushirika anajua kwamba watumiaji hawalingani: mmoja anafungua kila mlango, mwingine anasahihisha maandishi ya wote, mwingine anaandika ya kwake tu, mwingine anasoma na kuondoka. Anajua pia kwamba ruhusa hizo hazifungwi kwa mtu mmoja mmoja. Tangu David Ferraiolo na Richard Kuhn walipoiweka kanuni hiyo kwenye maandishi mwaka 1992, mifumo mingi imejengwa hivi: ruhusa hufungwa kwenye kitu cha kati, kisha mtu hupewa hicho cha kati. Ninachopigania ni jina la hicho cha kati. Mimi nakiita cheo.

Huku Kakontwe, pembeni mwa mji wa Likasi nchini Kongo, jirani yangu aliingizwa kwenye tovuti ya mutualité, chama cha kusaidiana tunachochangia sote. Akafungua akaunti kwenye simu yake, akasoma: "Umepewa jukumu: Msomaji." Akaja kuniuliza, "Papa, hii jukumu banalipaka ngapi ku mwezi?" Swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Jukumu ni mzigo wa kazi, na mzigo wa kazi una ujira. Mtu aliyepewa ruhusa ya kusoma hakutwishwa kitu chochote. Akisoma sawa, asiposoma hakuna atakayemdai. Baadaye mweka hazina aliyemaliza muhula wake alipata ujumbe: "Umeondolewa jukumu." Akaelewa kwamba ameshukuriwa na kupumzishwa, naye aliona bado ni haki yake kuingiza hesabu za mwezi. Alipokuta ukurasa umefungwa alidhani tovuti imeharibika. Haikuwa imeharibika. Tatizo lilikuwa neno, na neno hilo lilimficha habari aliyostahili kuipata waziwazi: kwamba uwezo wake umetwaliwa.

Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa la maana, si la ladha. Katika tovuti, kitu hiki cha kati kinasema mtu anaweza kufanya nini. Hakisemi mtu lazima afanye nini. Kamati imechukua "anaweza" ikaifanya "lazima". Na maneno yote ambayo wafasiri wetu wameyakimbilia yana lazima hiyo ndani ya damu yake.

Tuanze na jukumu lenyewe. Neno hili lilitufikia kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Katika Kigujarati, jokham ni hatari ya kupata hasara, ile ambayo mwenye mali huibeba mzigo wake unapopakiwa chomboni. Aliyechukua jukumu alikubali kwamba mali ikizama, hasara ni yake. Kiswahili kikalipanua neno hilo kutoka hatari ya mali mpaka wajibu wa kazi, lakini kiini hakikuhama: jukumu ni kitu kinachokuelemea. Ndiyo maana tunasema kubeba jukumu, kutwishwa jukumu, kukwepa jukumu, kutua jukumu. Tazama vitenzi hivyo. Vyote ni vya mgongo na bega. Hakuna hata kimoja kinachosema kufunguliwa mlango.

Wajibu ni mzito zaidi. Neno hili limetoka katika Kiarabu na limelelewa na fikihi, ambamo wajibu ni jambo ambalo ukilitenda unapata thawabu na ukiliacha unapata dhambi. Wanazuoni waliliweka mbali na mubaha, jambo ambalo ukilitenda au ukiliacha huna lawama. Ruhusa za tovuti ni mubaha mtupu. Kuziita wajibu ni kuchanganya hukumu mbili ambazo wazee wetu wa mwambao walizitenganisha kwa uangalifu karne nyingi kabla ya kompyuta.

Dhima inapendwa na watu wa fasihi, ambao wametuzoesha "dhima ya ushairi" na "dhima ya mhusika". Nawaheshimu katika shamba lao. Lakini dhimma ya Kiarabu ni ahadi, ulinzi na deni linalokaa shingoni mwa mtu. Deni lililo katika dhima ya fulani ni lake yeye, na akifa linafuata mali aliyoiacha. Dhima imeshikamana na mwenyewe. Kile kitu cha kati kwenye tovuti hakishikamani na mtu yeyote. Mhariri akiondoka leo, nafasi ya mhariri inabaki pale pale na ruhusa zake zote, inamsubiri mwingine.

Wadhifa una historia ya kupendeza. Katika Kiarabu cha kale, wadhifa ulikuwa posho ya kila siku, chakula cha mtu au malisho ya mnyama yaliyopimwa kwa siku moja. Baadaye ukawa kazi inayoleta posho hiyo, nasi tukaupokea ukiwa tayari umevaa suti ya ofisi. Ningeweza kuukubali kama usingekuwa na mshahara ndani yake. Msomaji wa tovuti hana wadhifa. Jirani yangu angeuliza swali lile lile.

Sasa cheo. Hili ni letu, limekaa katika ngeli ya KI-VI bila kubisha hodi: cheo, vyeo, kama chombo na vyombo. Na kabla halijawa daraja la mtu katika jamii, lilikuwa na maana nyingine ambayo wengi wetu tumeisahau. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaitaja wazi: cheo ni kipimo, ukubwa wa kitu. Mtu alichukua cheo cha nguo kama fundi anavyochukua kipimo cha kiuno na bega kabla hajakata kitambaa. Maana ya daraja ilikua kutoka hapo: cheo cha mtu ni kipimo cha nafasi yake kati ya watu.

Hicho ndicho programu inachofanya. Inampima mtu, inampa ruhusa zinazomtosha, haimkatii kitambaa cha ziada. Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika mwaka 1975 kwamba kila mtumiaji apewe uwezo mdogo kadiri inavyowezekana, unaotosha kazi yake na usiozidi. Wahandisi wa usalama wameshika kanuni hiyo hadi leo. Kiswahili kilikuwa na neno lililobeba kanuni hiyo tumboni, na kamati ikaliruka ikaenda kuazima neno la hatari ya mizigo.

Yapo pia mazoea ya lugha, na huu ni ushahidi ambao sijaona mpinzani wangu yeyote akiugusa. Cheo kina vitenzi vyake tayari. Mtu hupewa cheo, huvikwa cheo, hupandishwa cheo, hushushwa cheo, huvuliwa cheo. Msimamizi wa tovuti anavihitaji vitenzi hivi vitano. Kila Mswahili, kutoka Lamu mpaka Likasi, akisoma "Umevuliwa cheo cha Mweka Hazina" anajua kilichotokea. Hataendelea kugonga ukurasa uliofungwa. Na "Cheo chako hakiruhusu kufuta" ni sentensi iliyonyooka. "Huna jukumu la kufuta" inamwambia msomaji kwamba kufuta si kazi yake, lakini haimwambii kwamba hawezi.

Nimejibizana kwa maandishi na wanaopinga, na nitajibu hapa hoja zao kwa ukamilifu ambao wao hawakunipa.

Wanasema kwanza kwamba cheo kinanuka ukubwa, kwamba watu wetu wamechoshwa na wakubwa, na kwamba tovuti ni mahali pa usawa. Sikatai kwamba huku Katanga neno mukubwa limebeba historia chungu, tangu kampuni ya madini ya Union Minière ilipoundwa mwaka 1906 na kapita, yaani nyapara, akawekwa kati ya mfanyakazi na Mzungu. Lakini kificho si tiba. Tovuti haina usawa: mmoja anaweza kuifuta yote usiku huu, wengine hawawezi. Kuuita uwezo huo jukumu ni kuuvika sura ya utumishi, na wenye nguvu wamependa siku zote kuziita nguvu zao mzigo. Neno cheo linamwonyesha kila mtu nguvu ilipo. Nao watu wa TANU, chama kilichoongoza Tanganyika, hawakuliogopa. Katika ahadi za mwanachama waliweka kwamba cheo ni dhamana, na wakamfunga mwanachama asikitumie kwa faida yake, kiwe chake au cha mtu mwingine. Yeyote aliyewahi kuingia kwa neno la siri la mwenzake, au kuazima akaunti ya katibu ili apitishe jambo lake, asome tena ahadi hiyo. Haikuandikwa kwa ajili ya kompyuta, lakini inazitosha.

Wanasema pili kwamba tuseme ngazi. Mwenye hoja hii ni mtu anayesikilizwa sana, na hilo linanisikitisha, kwa sababu hoja imepitwa na wakati. WordPress, inayoendesha tovuti nyingi kuliko programu nyingine yoyote ya aina yake, ilianza kwa ngazi kweli: watumiaji walipangwa kwa tarakimu, kutoka 0 mpaka 10. Toleo la 2.0, lililotoka Desemba 2005, liliuacha mpango huo na kuleta vyeo vyenye majina, kila kimoja na fungu lake la ruhusa. Sababu ni nyepesi. Ngazi ni mstari mmoja, aliye juu ana kila alichonacho aliye chini. Lakini mweka hazina anaweza kugusa hesabu bila kugusa makala, na mhariri anaweza kugusa makala bila kugusa hesabu. Hakuna aliye juu ya mwenzake. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Cheo, kwa kuwa ni kipimo, kinaweza kutofautiana kwa upana na kwa urefu. Ngazi inajua kupanda na kushuka tu.

Wanasema tatu kwamba orodha imeshapitishwa. Kwa hilo nina jibu la mtu wa Kakontwe. Chini ya nyumba zetu kuna mawe ya chokaa yaliyolisha viwanda vya shaba vya Likasi, na wanajiolojia waliyaita kwa jina la mahali walipoyakuta. Leo "chokaa ya Kakontwe" ni jina la tabaka zima la miamba, na wenzao wa Zambia wanalitumia jina hilo hilo ng'ambo ya mpaka. Halikutoka kwenye kamati. Lilibaki kwa sababu lilisema ukweli kuhusu kitu kilichokuwa mbele ya macho ya watu. Istilahi husimama kwa kufaa kwake, na isipofaa mhuri hauiokoi.

Niseme na hili, maana limenikaa rohoni. Niliiandikia kamati kwa ustaarabu, nikaeleza haya yote, nikaambatanisha mifano. Jibu lililorudi halikugusa hoja. Liliuliza kama Kiswahili cha Katanga kina sifa ya kuzungumzia istilahi sanifu. Ni kweli, Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili, iliundwa kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, Kongo haikuwemo. Lakini mwaka 1965 mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, uliandikiwa historia yake kwa Kiswahili chetu na watu waliokuwa watumishi wa nyumbani, tena historia nzima ya mji. Katiba ya 2006 imekitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Na tangu 2022 nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tuna sifa ya kusema. Mtu akiona hoja yangu ni mbovu aivunje. Asiulize nimeandika nikiwa wapi.

Neno mwanachama lanileta kwenye nusu ya pili ya hoja yangu, kwa sababu orodha ile imechanganya na hapa. Inasema "usajili" mahali pa uanachama, na wakati mwingine "jukumu la mwanachama" kana kwamba uanachama ni cheo kimojawapo. Nadhani mchanganyiko huu umetoka Ulaya. Neno la Kifaransa rôle limezaliwa na rotulus ya Kilatini, gombo lililokunjwa. Mwigizaji aliandikiwa maneno yake kwenye gombo, na gombo likawa sehemu anayoigiza. Lakini gombo hilo hilo lilikuwa pia orodha ya majina, na maana hiyo haikufa. Kongo nzima inaijua: kabla ya uchaguzi wa Desemba 2023 tulipanga foleni kwa ajili ya enrôlement, tukaandikwa kwenye orodha ya wapiga kura, tukapewa kadi. Katika lugha hiyo mzizi mmoja umebeba mambo mawili, kuwa kwenye orodha na kuwa na sehemu ya kufanya. Sisi hatuna sababu ya kurithi mkanganyiko wao. Tuna uanachama kwa la kwanza na cheo kwa la pili.

Tofauti hiyo wachimbaji wadogo wa mkoa wetu wanaiishi. Sheria ya Madini ya mwaka 2002 ilimtaka mchimbaji awe na kadi, ya mwaka mmoja, inayomruhusu kuchimba katika eneo lililotengwa. Marekebisho ya 2018 yakamtaka pia awe ndani ya koperative iliyoidhinishwa. Ni mambo mawili. Koperative inasema yeye ni wa wapi, ana ndugu gani, anachanga nini. Kadi inasema anaruhusiwa nini, wapi, mpaka lini. Mtu anaweza kuwa mwanakoperative mwenye kadi iliyokwisha muda. Hajafukuzwa, ila hawezi kushuka shimoni. Tovuti inafanya vivyo hivyo. Uanachama una mlango wa kuingilia, ada, tarehe ya kuisha, na mlango wa kutokea. Cheo kinavalishwa juu yake na kuvuliwa bila kuugusa. Mwanachama anayevuliwa uhariri bado ni mwanachama. Mgeni anayepewa cheo cha kusahihisha kwa wiki moja hajawa mwanachama. Programu zinazouza uanachama zinajua hivyo, ndiyo maana zinaweka sehemu mbili tofauti, na tafsiri inayoziita zote majukumu inazifunga pamoja tena.

Kuna neno moja ambalo wengine walilipata vizuri, na haki yake nailipa. Wikipedia ya Kiswahili inamwita msimamizi wake mkabidhi. Mzizi wa Kiarabu, qabadha, ni kushika kwa mkono. Katika Kiswahili kukabidhi kumekuwa kuweka kitu mikononi mwa mwingine kwa amana, na Tanzania ina Kabidhi Wasii Mkuu anayesimamia mirathi na amana kwa niaba ya serikali. Neno hili lina pande zote mbili za kazi: mkabidhi anashika funguo, na yeye ndiye anayezigawa. Kwetu lina faida ya ziada. Tukisema administrateta, Mkongo anamwona administrateur wa territoire, mtu wa serikali mwenye ofisi Kambove, anayekuja na askari. Mkabidhi haji na askari. Anakuja na orodha ya aliowakabidhi.

Basi matumizi, kwa kifupi, maana yatajieleza: vyeo vitano vya WordPress viwe Mkabidhi, Mhariri, Mwandishi, Mchangiaji na Msomaji; vitufe viwe "Vika cheo", "Badili cheo", "Vua cheo"; ukurasa wa ada na muda uitwe "Uanachama"; na ujumbe wa kukataliwa useme "Cheo chako hakiruhusu hili".

Kamati itakaa tena, kamati hukaa siku zote. Naiomba isinipigie kura mimi. Imchukue mtu asiyejua programu hata moja, imwekee mbele sentensi mbili, "Umeondolewa jukumu" na "Umevuliwa cheo", imuulize ni ipi inayomwambia kwamba kuanzia sasa hawezi tena. Atakachojibu ndicho kiandikwe kwenye orodha, maana ni yeye atakayebonyeza kitufe hicho, na mali iliyo nyuma yake, michango ya wenzake na majina yao, italindwa au itapotea kwa kadiri alivyolielewa neno.